Vikwembe Vitatu vya Jeep ya Papa

Siku ile majirani waliponiona naivika jeep vikwembe, vitenge vyangu vya kuvaa, walisimama kwanza pembeni ya ua. Halafu mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji akauliza, "Dada, gari iko naolewa?" Nikamjibu, "Iko naolewa, na wewe hatukukualika. Pita na maji yako." Akacheka mpaka maji yakamwagikia begani. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, na jua la Bihambwe, kwa mama, halikai sana. Sikuwa na nafasi ya kuchekeshwa.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko karibu na Lushebere, na katika miaka yote niliyoinama juu yake nimejifunza jambo moja ambalo hakuna mtu atanidanganya: kitu chochote chenye umbo, ukikitupia kitambaa, kitasema ukubwa wake. Bibi harusi anayejibana tumbo, meza ya kanisa, kiti cha pasta. Basi kaka yangu aliponipigia simu na kusema wanataka kupaka jeep ya marehemu papa rangi wao wenyewe, na kwamba hajui anunue lita ngapi, nilimwambia, "Usinunue kitu. Nakuja na vikwembe."

"Vikwembe vya nini?"

"Vya kupima, bwana. Wewe ungepima na nini, na macho?"

Alikuwa anataka kupima na macho, ndiyo. Namjua.

Lazima niseme kwa nini jeep ile ilikuwa na haraka. Papa alikuwa dereva wa patron mmoja, tajiri aliyezunguka mashamba ya Masisi akinunua jibini. Jeep ilikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na patron alipozeeka akamwachia papa. Kwa jeep hiyo hiyo papa alimchukua mama kutoka kwao Itebero, kule msituni Walikale. Mama ni mtu wa msitu na joto. Sisi watoto wake tulizaliwa huku milimani, kwenye maharagi na ukungu, na mpaka leo asubuhi ya baridi mama anaiangalia kama mgeni asiye na adabu.

Siku ya kuondoka kwake Itebero kulitokea jambo. Mama alilelewa na dada yake, mama mukubwa wetu, kwa sababu nyanya alikuwa amewaachia dunia mapema. Mama mukubwa hakutaka ndoa ile. Alisema huko milimani mdogo wake atakufa na baridi na njaa, tena hakuna atakayemrudisha. Mama akapanda jeep. Papa akawasha gari. Mama mukubwa alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo; akainua mchi akaurusha kwa nguvu zake zote, ukagonga mlango wa upande wa mama, bati likaingia ndani. Hivyo njo waliachana, bila kwaheri.

Papa hakulinyoosha lile bonde kamwe. Kila alipoosha gari alipitisha kitambaa mle ndani na kusema, "Shemeji, habari ya leo?" Sisi tulicheka. Mama hakucheka. Na kurudi Itebero hakurudi: mara watoto, mara ugonjwa, mara vita, barabara inafungwa, inafunguliwa, inafungwa tena. Ukiishi huku unajua.

Papa akafariki. Kwa watu wa mama, mwanamke akisha kumaliza kilio cha bwana yake, watoto wanamrudisha kwao kwa heshima, aonyeshe uso, watu wake wajue hakutupwa. Tulikuwa tunajivuta. Halafu akapita mchuuzi wa mafuta ya mawese aliyetoka upande wa Walikale, akasema mama mukubwa yuko, anatembea bado, lakini macho yanafifia. Ameanza kuona rangi kali tu, nyuso hazioni. Mama akamuuliza mara tatu kama dada yake alituma habari hiyo mwenyewe, ao ni mdomo wake tu mchuuzi. Yule mtu akasema, "Mama, niliona tu, nikasema." Mama akakaa chini.

Jioni ile alitutangazia, mimi kwa simu, kaka mbele yake. "Barabara iko wazi sasa. Nataka kuenda kabla haijafungwa, na kabla ya macho ya dada kuisha. Na nataka anione nikishuka mu gari yenye kung'aa, ile ile ya njano, ajue kama nilikaa muzuri. Na lile bonde la mulango, sitaki alikute. Akilikuta, tutaanzia pale pale tuliachia."

Hicho tu njo alikuwa anataka. Mama hajawahi kutuomba kitu kikubwa, kwa hiyo hatukujua tutamkataliaje.

Sasa, kazi. Kaka aliwahi kukaa karibu na garaji moja ya Goma wakati wa ujana wake, kazi yake ilikuwa kusugua magari na msasa, na huko aliona mambo. Alijua kwamba kwanza unasugua mpaka kutu inaisha, halafu unapiga apre, ile rangi ya chini inayoshika bati, halafu njo unapiga rangi yenyewe. Kiasi hakujua. Nilipofika nilimkuta ameandika kwa mkaa ukutani "lita kumi?" na alama ya kuuliza kubwa kuliko lita zenyewe.

"Hii kumi umetoa wapi?"

"Nimewaza tu."

"Waza tena."

Nikatandaza vikwembe. Kikwembe kizima, cha yadi sita, kilifunika paa na mgongo wa nyuma wote, nikabana na pini na vishikizo vya nguo. Cha pili kilikula ubavu mmoja na sehemu ya mbele. Cha tatu ubavu wa pili, na kikabaki kipande cha kutosha kofia. Madirisha niliyatoa kwa kukunja kitambaa. Nikamwambia kaka, jeep hii inavaa vikwembe vitatu, na kwa namna ilivyonenepa mbele, usibishane na mimi. Sehemu ndogo nilizipa majina ninayoyajua: kapo ya mbele, ile inayofunika injini, ni blauzi ya mwanamke mnene, kila shavu la mbele, juu ya tairi, ni sketi ya mtoto, mlango ni blauzi ya kawaida bila mikono. Kaka alicheka, lakini baada ya siku mbili alikuwa anasema mwenyewe, "Leo tunasugua sketi."

Ikabaki kujua lita moja inafunika nini. Tulikuwa na bati la zamani nyuma ya jiko na kikopo cha rangi ya madirisha ya kanisa kilichokuwa kimebaki. Kaka akapima robo lita, akapaka bati mpaka ikaisha, mimi nikatandika juu kikwembe nilichokikunja robo na kuona kimefikia wapi. Tukarudia upande wa pili. Jibu lilitoka vile vile: lita moja, kikwembe kimoja, mara moja. Nikaona raha mpaka nikapiga kigelegele peke yangu. Watu wengine wanafurahia ng'ombe. Mimi nafurahia kipimo kikikubali.

Kaka akaongeza la kwake, na hapo lazima nimsifu. Alisema brashi haitupi rangi ovyo, lakini pistole, ile bunduki ya kupulizia, inatupa hewani. "Upepo nao unakula, dada. Pale garaji tulikuwa tunatoka na nywele za rangi ya magari ya watu." Kwa hiyo kila vikwembe vitatu tukaongeza kidogo cha upepo. Apre mara mbili. Rangi mara mbili, kaka alisema. Nilipofika Goma kununua, muuzaji akanikatalia. Nilikuwa nimebeba kile kifuniko kidogo cha tundu la mafuta, ili anichanganyie njano ile ile. Alikigeuza juani, akasema njano ni rangi yenye njaa; ukiipiga mara mbili, ya chini inachungulia. Piga mara tatu, na apre iwe nyeupe, isiwe ya kijivu, ao utapiga mpaka mwaka ujao. Akachanganya kwa jicho, tone jeupe, tone jekundu, akijaribu kwenye ukucha wake mpaka ukucha na kifuniko vikafanana. Nikamuuliza nikikosa nikirudi atanipa ile ile. "Mama, mimi sina mashini. Ya kesho itakuwa ndugu yake, haitakuwa yenyewe."

Basi tulikuwa na njano ya kutosha hesabu yetu, na si zaidi. Hilo nililitangaza nyumbani kwa sauti, ili mtu asiseme hakusikia.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Nazikumbuka kwa mikono: ngozi ya vidole ilikwisha kwa msasa, kucha zikawa nyeupe kwa vumbi la apre, na jioni tulikula bugali na sombe tukinuka tina ya kuzimulia rangi. Tulifunga shitingi ya plastiki kwenye miti minne ili mvua isituharibie. Kompresa tuliazima kwa mtu wa kwado anayeziba matairi barabarani, ilikuwa inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, na kila ikinyamaza kaka anaipiga kofi na kuiambia, "We, fanya kazi, uko kwa watu." Mlango wa mama tuliufungua tukauweka kando, juu ya magunia. Bonde lake lilikuwa refu mno kwa mastiki, ule udongo wa kujazia bati; lilihitaji fundi wa kugonga bati, na huyo alikuwa ameahidi kupanda kutoka Masisi siku ya soko. Nikapima sehemu ya mlango, blauzi moja, apre mara mbili na njano mara tatu, kila moja nikaimimina kwenye chupa yake pembeni na kuifunika. Sipendi vitu vichanganyike.

Mama hakutaka kukaa bure. Rangi hii ilikuwa inachanganywa na dawa yake ya kukausha, kopo nne za rangi kwa kopo moja ya dawa, na tina kidogo. Kaka alikuwa na pistole, mimi nilikuwa nabandika magazeti kwenye vioo. Mama akasema, "Kupima njo kazi yangu. Munipatie kopo." Ni kweli, mama ameuza maharagi kwenye soko la Bihambwe tangu niko mgongoni, na hakuna aliyewahi kulalamika juu ya kipimo chake. Tukampatia kopo.

Apre ikaenda vizuri. Njano ya kwanza ikaenda vizuri. Kaka akasema, "Mmeona inavyokauka mbio? Hali ya hewa iko bien." Ya pili ikakauka mbio zaidi. Jeep ilianza kufanana na ile ya utoto wetu, nikashikwa na hamu ya papa palepale na magazeti mkononi, nikalia kidogo, kaka akajifanya hanioni. Ya tatu tukaanzia nyuma kwenda mbele. Tulibakiza kapo na mashavu mawili. Mama akachanganya ndoo ya mwisho.

Hapo njo wakaingia wamama wa korali ya kanisa.

Walikuja kumwombea mama safari njema. Utawafukuza? Haiwezekani. Kaka akaweka pistole chini, tukanawa mikono, tukasimama kwenye duara. Yule kiongozi wao ana sala ndefu; alianza na barabara, akaingia kwenye madaraja, akaombea kila tairi, halafu ndugu wa Itebero, halafu macho ya mama mukubwa, jicho la kulia, jicho la kushoto. Nikafungua langu moja nikamwona kaka anaangalia ndoo. Baada ya amina ziliimbwa nyimbo mbili, tena nzuri, siwezi kusema uongo, na mimi niliimba.

Tuliporudi, kaka akatia kijiti kwenye ndoo ili akoroge. Kijiti kikasimama chenyewe.

Akakivuta, ndoo nzima ikamfuata. Rangi ilikuwa bugali. Bugali ya njano, inang'aa, nzuri ajabu, haina kazi yoyote duniani.

"Mama," kaka akasema polepole, "ulipima namna gani?"

"Vile uliniambia. Rangi kopo ine. Dawa kopo moja."

"Moja tu?"

"Moja." Mama akaangalia kopo. "Na matabishi yake."

Mungu wangu! Niliyasikia maneno yale mpaka kisogoni. Matabishi! Nani huku hajui matabishi? Ukimpimia mtu maharagi, kopo likisha kujaa unamwongezea kiganja juu, ni nyongeza ya heshima, bila hivyo harudi kwako tena. Mama alikuwa anaiongezea rangi dawa ya kukausha, kila kopo na nyongeza yake, tangu ndoo ya kwanza. Hali ya hewa, wapi! Zile ndoo za mwanzo zilipona kwa sababu tulizipuliza palepale.

"Mama! Rangi haiko mununuzi!" Nilipiga kelele, nakubali, majirani walisikia. "Haitarudi kesho kukununulia maharagi! Matabishi ya nini? Nani alikuomba?"

"Usinipigie kelele, mimi si mutoto. Mukono wangu unajua kupima hivi. Nipime bila matabishi, nionekane namna gani?"

"Uonekane na nani? Na ndoo?"

Wamama wa korali walikuwa hawajafika mbali. Nikasikia mmoja anacheka, halafu wote, halafu kaka, ambaye ni mtu wa kucheka hata kwenye ajali, akaketi juu ya tairi machozi yakimtoka. Mama alishikilia kopo lake kifuani, amenuna. Mimi nilikuwa bado nawaka. Nilikwenda mpaka kwenye mihogo, nikarudi, nikawa bado nawaka, nikaenda tena.

Niliporudi mara ya pili, nikatazama mbele ya jeep. Na tabaka mbili tu, apre nyeupe ilikuwa inachungulia kwenye kapo, kama singilendi chini ya shati jepesi. Muuzaji alisema kweli. Na njano iliyobaki ilikuwa ile ya chupa ya mlango tu. Nikapiga hesabu, na hesabu haikuwa na huruma: mlango mara tatu ni sawa na kapo na mashavu yake mara moja. Ao mbele, ao mlango. Vyote viwili hapana.

Siku ya soko ikafika, fundi wa bati hakufika. Mvua ilikuwa imekata njia na simu yake haikuita. Wakati huo watu wa barabarani walishaanza kunong'ona kwamba njia haitakaa wazi muda mrefu. Kaka akamweleza mama, kwa upole wake ule, mimi nikiwa nimefunga mdomo kwa nguvu. Mama akaenda akakaa karibu na mlango juu ya magunia. Akapitisha kidole kwenye bonde. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sijui alikuwa anazungumza na nani, na papa ao na dada yake.

"Mupake mbele," akasema. "Ataona mbele kwanza. Na tukifika, musimamishe gari upande ule mwingine, mulango huu uangalie ule ua wa miti wa dada. Mimi nitashukia upande wa dereva. Hataujua."

Mara hiyo, ya kapo, dawa nilipima mimi mwenyewe. Mama alisimama nyuma yangu akitazama kopo, na ninaapa kiganja chake kilikuwa kimejikunja tayari kuongeza. Halafu mlango tukaurudisha mahali pake, na bonde lake.

Njia ya kwenda Walikale sitaieleza yote. Matope yalikuwa mpaka kwenye ekseli, tulisukumwa, tulisukuma wengine, tulilala kwa watu wema, na kila tukisimama mama alishuka na kitambaa kupangusa njano, huku akiwatukana madereva wa malori waliotumwagia maji. Milima ilibaki nyuma, joto likaingia, mama akavua koti lake la kwanza, halafu la pili. Kadiri msitu ulivyotukaribia alikuwa anapungua maneno. Tulipokaribia Itebero akaniuliza, "Na kama hatasimama? Kama atanikalia tu pale?" Nilimshika goti.

Tukafika mchana. Watoto walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele, "Njano! Njano!" Mama mukubwa alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake kwenye kiti cha fito, mzee kuliko nilivyowaza, macho yake na utando mweupe. Kaka aligeuza jeep kama alivyoagizwa, mlango mbovu ukaangalia ua, njano mpya ikaangalia nyumba. Inang'aa, kweli ilikuwa inang'aa! Mama akashuka upande wa dereva, akasimama, mikono ikamning'inia. Alikuwa amepanga maneno tangu Masisi, yote yakampotea.

Mama mukubwa hakusimama. Aligeuza uso akitafuta. "Njano naiona," akasema. "Ni nani?"

Jirani yake akamwambia, "Ni mudogo wako, mama. Watoto yake wamemurudisha."

"Mu gari gani?"

"Ile ya bwana yake," kaka akasema.

Mama mukubwa akanusa hewa. Jeep ilikuwa bado inatoa harufu ya rangi. "Hapana. Hii iko mupya. Ile ya bwana yake ilishakufa, na ndugu yangu naye alishakufa na baridi kule milimani. Munaniletea muntu mwingine juu macho yangu yameisha."

Nilitaka kusema kitu, kaka akanikanyaga mguu. Mama alifungua mdomo ukabaki wazi, na nilimwogopea kuliko siku ya mazishi ya papa.

Mama mukubwa akachukua fimbo akasimama. Hakwenda kwa mama. Alikwenda kwenye gari. Akaweka kiganja kwenye kapo, akakipitisha polepole kwenye shavu, kwenye ubavu, tulikosugua mpaka vidole vikachubuka. Kote kulikuwa laini, na kila palipokuwa laini uso wake ulizidi kufunga. Akazunguka nyuma. Kaka akanitazama. Kati ya jeep na ua wa miti kulikuwa na nafasi ya mtu mwembamba tu, na yeye alikuwa mwembamba. Akaingia. Tulisikia matawi, tulisikia kiganja kinakwaruza, pale ambapo rangi ilikuwa ile ya zamani, ya papa, iliyokauka na kukwaruzika.

Kikaacha kukwaruza.

Nilizunguka haraka upande wa pili. Alikuwa ameingiza ngumi yake yote kwenye lile bonde, na ilikuwa inaenea. Alisimama hivyo, paji la uso limeegemea dirisha.

"Hamukulinyoosha," akasema. "Miaka hii yote. Nililaani mukono wangu kila siku, nikasema sasa wameshanyoosha, wamenisahau."

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Na sauti iliyomkimbia ikarudi yote kwa mara moja, na kitu alichosema, mbele ya kijiji kizima, baada ya safari ile yote, ni, "Dada, rangi iliisha."

"Iliisha namna gani?"

"Niliweka matabishi mu dawa. Ikakauka yote."

Mama mukubwa aligeuka ndani ya miti ile, majani kichwani. "Matabishi? Mu rangi?" Akaanza kucheka, kicheko cha mama, kile kile, sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anacho. "We mutoto! Si mama yetu njo alitupiga mikono mpaka tukajua kuongeza? Si mimi nilikushika kopo ukiwa hivi?" Akatoa ngumi kwenye bonde akanyoosha mkono, akaupata uso wa mama, mashavu, shingo, vidole. "Na una joto," akasema. "Ee, una joto." Halafu wakalia wote wawili kwa nguvu, wamebanwa kati ya jeep na ua, na hakuna aliyeweza kuwatoa mpaka kaka aliposogeza gari.

Mimi nililia pia. Siku ile sikumsema mama hata mara moja, na kwangu hilo si kidogo.

Muuzaji wa Goma baadaye alinichanganyia njano nyingine, karibu sana na ile, na fundi wa bati sasa anapatikana. Nilipompigia mama kumwambia, akanijibu mama mukubwa, ambaye bado hajamruhusu mdogo wake kurudi milimani: "Pakeni gari yenu vile munataka. Ule mulango muniachie."

Basi jeep ikihitaji rangi tena, nitapima vikwembe vitatu, kasoro blauzi moja.